Marehemu Aliyefungua Jicho

Kwetu Mbuya hakuna sinema iliyowahi kuisha kwa amani. Rimoti ilikaa kwa baba, na rimoti mkononi mwa askari mstaafu ni silaha kama silaha nyingine. Mtu akipigwa risasi, baba alisimamisha picha. Mtu akimimina chai, baba alisimamisha picha. Alisogeza kiti hadi karibu na runinga, akaweka kidole juu ya kioo, akatuuliza sote kana kwamba tuko gwarideni: "Nani ameona?"

Mara nyingi hakuna aliyekuwa ameona. Basi alirudisha nyuma, tukaona. Bilauri iliyobaki nusu ilijaa tena bila mtu kuigusa. Mwanamke alizama mtoni akaibuka na nywele kavu, zimechanwa vizuri. Mfalme wa zamani za kale alisimama kilimani akiwahutubia wapiga mishale wake, na nyuma yake, mbali, mnara wa simu ukawaka taa nyekundu. Na bastola! Baba alihesabu risasi kwa sauti, akafika mahali akaacha kuhesabu, akatugeukia kwa huzuni. "Hii bastola inazaa," alisema.

Baba alitumikia jeshi upande wa mawasiliano. Alipostaafu alijenga nyumba ndogo kwenye mteremko, mahali ambapo asubuhi anaisikia tarumbeta ya kambini na kuikosoa. Yeye ni Mwislamu wa Nile Magharibi. Mama ni Mkatoliki, Muacholi. Lugha ya nyumbani ikawa Kiswahili kwa sababu kila mmoja alikataa kugombezwa kwa lugha ya mwenzake. Kilikuwa Kiswahili cha kambini, chenye "kitu hii" na "watu ile", lakini kilifika kilikotumwa. Mimi nilikuja kukinyoosha nilipokwenda kusomea ualimu, na kila nilipomsahihisha baba mezani, mama alisema, "Ugonjwa ni ule ule. Umehamia mtu mwingine tu."

Mama mwenyewe hakuwa na ugonjwa huo, au ndivyo tulivyodhani. Alikaa nyuma yetu na ungo mapajani akichambua mchele au kubangua karanga, na kichwa alikiinua pale tu mtu alipopiga kelele.

Sinema zilizofasiriwa na wale jamaa wa mjini, wanaoweka sauti zao juu ya sauti za waigizaji, baba alizipenda na kuzichukia. Mfasiri aliliona kosa kabla yake na kulifunika. Siku moja shujaa aliingia mlangoni na shati jeupe, akatokea upande wa pili na shati la buluu. Mfasiri akasema kwa Kiluganda, bila hata kusita, kwamba jamaa amepitia soko la Nakivubo kununua jingine. Baba alicheka mpaka akakohoa, halafu akakasirika. "Huyu anaficha ushahidi," alisema.

Aliyeteseka zaidi ni jirani yetu, mama mmoja wa Bukavu anayeuza vitenge Nakivubo. Jumamosi mchana alifunga kibanda chake mapema, akaja kwetu na leso mbili, moja ya machozi na moja ya akiba. Hakuja kuangalia sinema, alikuja kulia. "Kwangu nikilia watoto wanaogopa," alituambia. "Hapa ninalia kwa raha." Alichagua mwenyewe zile za watoto waliopotea na akina mama wanaokufa kabla ya kusamehewa, akajipanga kwenye kochi, akaanza kuvuta pumzi kidogo kidogo kama mtu anayeandaa chafya.

Na hapo ndipo baba alipobonyeza.

"Angalieni bandeji. Hii bandeji ilikuwa mkono ya kushoto."

"Papa," jirani alisema, leso imefika nusu ya safari, "mutoto anakufa!"

"Najua anakufa. Nauliza, anakufa na mkono gani?"

"Anakufa na mikono yote! Wacha picha iende!"

Picha ilikwenda, lakini machozi yalikuwa yameshapoa. Alikunja leso, akamwambia mama kwamba mume wa namna hii, huko kwao, wangemtafutia kazi ya forodha.

Mambo yangeendelea hivyo miaka na miaka kama si kijana mmoja mrefu, mwenye suruali ya mifuko mingi, aliyesimama langoni kwetu asubuhi moja. Alikuwa mwongozaji wa sinema. Alimwona baba amesimama barabarani, mikono nyuma, akiwatazama mafundi wa umeme kwa jicho la ukaguzi, akapenda alivyonyooka.

"Mzee, natafuta afande," alisema. "Afande wa sinema."

"Mimi si wa sinema. Mimi ni wa kweli."

"Ndiyo bora, mzee."

"Na huyo afande anafanya nini?"

"Anakunywa chai, anapigwa risasi, anazikwa."

"Chai ataiweza," mama alisema kutoka barazani, bila kuacha karanga zake.

Baba alijifanya anafikiri. Alizunguka nyumba mara moja, akarudi na masharti. Atakubali kama sinema hiyo haitakuwa na kosa hata moja. Akauliza ni nani kazini mwao anayeangalia makosa.

"Sisi wote, mzee."

"Wote maana yake hakuna," baba alisema. "Basi nitaangalia mimi."

Yule kijana, maskini, alimshukuru.

Picha zilipigwa kule Port Bell, karibu na gati ambako mabehewa ya reli hupandishwa kwenye feri. Mimi nilikuwa likizo, nikapewa kazi ya kumshikia baba mwavuli. Mama alikuja na vidonge vyake vya presha. Jirani alikuja kwa sababu aliposikia kuna mazishi alimwendea mwongozaji mwenyewe, akamwambia, "Nakuliria bila pilipili, bila maji ya machoni, na nikianza siachi." Alichukuliwa papo hapo.

Vita vya kwanza vilikuwa vya sare. Ilishonwa na fundi wa mjini, na vifungo vyake vilikuwa vya koti la kike.

"Hii jeshi ya nchi gani?" baba aliuliza.

"Ya nchi ya sinema, mzee," kijana alijibu, l zake zikigeuka r. "Tukishona ya kweri tutafungwa, na gereza riko pare tu." Alielekeza kwa kidevu, upande wa Luzira. Baba alilitazama gereza, akavitazama vifungo, akavaa.

Vita vya pili vilikuwa vya chai. Afande alitakiwa kukaa kwenye kibaraza, anywe chai, amege chapati, aseme, "Ziwa limetulia mno," kisha wauaji waje. Ni kitu cha muda mfupi. Lakini kila walipomaliza na kutaka kuchukua picha kutoka upande mwingine, baba aliinua mkono.

"Mara ya kwanza kikombe ilikuwa na mvuke. Sasa mvuke iko wapi?"

"Chai imepoa, mzee."

"Ichemshwe."

Ilichemshwa. Halafu ikawa chapati: ile aliyoimega mwanzo ilikuwa na umbo la mwezi, na hii mpya ilibidi imegwe hivyo hivyo, na kwa kuwa yeye ni mtu wa haki, kila kipande alichomega alikila. Jua lilipanda, chapati zikaendelea kuja kutoka kwa mwanamke wa karibu na gati, ambaye alianza kumwona baba kama mteja wa ndoto zake. Wauaji walipofika hatimaye, baba alikuwa hawezi hata kushtuka. Alipigwa risasi akaanguka polepole, ameshika tumbo, na mwongozaji akapiga kelele ya furaha akisema hajaona mtu anayekufa kwa ukweli namna ile.

Kisha likaletwa jeneza. Lilikuwa la kuazima kwa seremala, limepakwa vanishi ikanukia, na juu yake msalaba wa bati.

Baba alikunja mikono. "Mimi Mwislamu. Nitalala wapi na msalaba?"

"Mzee, ni sinema," kijana alisihi. "Rara kidogo tu."

"Hata kama ni sinema. Nikifa kweli humo ndani?"

Mama ndiye aliyesuluhisha. Alisema kwenye hadithi hiyo mke wa marehemu ni Mkristo, na kwamba mke huyo atakuwa yeye, kwa sababu hakuna mwanamke mwingine atakayemlilia mume wake mbele ya kamera akiwa yeye yupo hai. Msalaba, basi, ni wa mjane. Mwongozaji hakuwa ameandika mjane popote, lakini aliona sura ya mama akamwandika pale pale. Msalaba ulichomolewa kwenye mfuniko, mama akashikishwa mkononi. Baba alilala.

Waombolezaji walipangwa mstari kando ya maji, na walinzi wa heshima wakasimama pande mbili na bunduki za mbao. Jirani yetu alianza kulia kabla kamera haijawashwa, na alilia vizuri mno hata wabebaji mizigo wa gatini waliacha kazi wakaja kuuliza marehemu alikuwa mtu wa wapi. Mmoja alivua kofia. Mwingine alitaka kutoa rambirambi. Mimi kutoka chini ya mwavuli niliona ukingo wa jeneza tu na ncha ya pua ya baba. Mama alipita, akainama, akakaa hapo kidogo, akanyanyuka, akaenda zake. Walichukua picha hiyo mara moja tu, kwa sababu honi ya feri ililia na ikawa haina mwisho.

"Safi," alisema mwongozaji.

"Hakuna kosa?" baba aliuliza kutoka jenezani.

"Hakuna, mzee. Inuka."

Miezi ilipita, kisha tukaambiwa sinema iko tayari na itaonyeshwa Jumapili alasiri katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa, huku huku Mbuya. Baba alialika watu kama anayeoza binti. Walikuja wastaafu wenzake na wake zao, imamu wa msikiti wake, katekista wa mama, kinyozi, na nusu ya wauza vitenge wa Nakivubo, walioletwa na jirani. Taa hazijazimwa, baba alikwenda mbele, akasimama chini ya shuka jeupe lililotandazwa ukutani.

"Hii sinema haina kosa," alitangaza. "Nilikuwepo, nimeangalia mimi mwenyewe. Lakini nawapa ruhusa. Mtu ataona kosa, anyooshe mkono."

Alikaa mstari wa mbele, kati yangu na mama.

Na kweli, sehemu ya chai ilikwenda vizuri mno. Mvuke ulikuwepo, mwezi wa chapati ulikuwepo. Baba alinigusa kwa kiwiko katika kila kikombe. Alipopigwa risasi ukumbi ulipiga makofi. Kisha likaja ziwa, mabehewa, walinzi wa heshima, na kilio cha jirani kilichotoka kwenye spika hata kikatikisa madirisha. Nyuma yetu jirani mwenyewe alikuwa akijililia, leso ya kwanza imekwisha, ya pili inaanza. Wanawake kadhaa walikuwa wameungana naye. Kamera ikasogea taratibu juu ya jeneza, juu ya vile vifungo vya kike, ikafika usoni kwa marehemu, ikatulia.

Jicho la kushoto la marehemu likafunguka.

Halikufunguka kwa bahati mbaya, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Lilifunguka kwa utulivu, likaangalia juu, likateleza kushoto kwa walinzi, likakaa huko likichunguza kitu, likarudi kati, likafungwa.

Kilio nyuma yetu kilikatika kama bomba lililofungwa. Niligeuka. Jirani yetu, machozi bado mashavuni, alikuwa amenyoosha mkono juu kabisa, kama alivyoagizwa.

"Papa," alisema, kwa heshima yote, "marehemu anaangalia."

Sijui nielezeje kelele iliyofuata. Imamu alijifunika uso kwa kanzu na mabega yakawa yanaruka. Katekista alilazimika kutoka nje. Wauza vitenge walipiga kelele, "Rudisha! Rudisha!" na mwongozaji, ambaye alikuwa amejificha karibu na mashine, hakuweza kubishana na ukumbi mzima. Alirudisha. Jicho likafunguka tena, likakagua, likafungwa. Wakaomba tena.

Baba aliinuka. Alitembea mpaka kwenye shuka, kivuli chake kikapanda juu ya jeneza lake, akaweka kidole juu ya lile jicho kubwa, lake mwenyewe. Watu waliacha kucheka wakidhani amekasirika.

"Nilikuwa naangalia huyu wa mwisho," alisema hatimaye, akisogeza kidole kwa mlinzi mmoja. "Kofia yake ilihama."

Na ilikuwa imehama kweli. Ukitazama vizuri, mwanzo imeinama kulia, baadaye kushoto. Lakini hakuna aliyekuwa na haja na kofia tena.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Baba alitangulia, mikono nyuma. Mlangoni alisimama akamwambia mama, kwa sauti ya chini, "Pale Port Bell watu walikuwa wengi, na hakuna mtu aliona."

"Mimi niliona," mama alisema.

"Uliona lini?"

"Siku ile ile. Nilikuwa nimekuinamia. Ulinitazama mimi kwanza, ndiyo ukamtazama yule wa kofia."

"Na hukusema?"

"Mjane anayelia haongei na maiti," mama alisema, akaingia ndani kuvua viatu.

Alimfuata mpaka chumbani, na mimi, Mungu anisamehe, nilibaki sebuleni nikikunja mwavuli ambao ulikuwa umeshakunjwa. Nilimsikia mama akimwambia, bila haraka, kwamba ameona mengi miaka hii yote. Kwamba yule mfalme wa mnara wa simu alikuwa pia amevaa saa ya mkononi. Kwamba yule mtoto wa bandeji alikufa na viatu, akazikwa bila viatu, akamtokea mama yake ndotoni na ndara.

"Saa?" baba alisema. "Mfalme alikuwa na saa?"

"Ya ngozi."

"Kwa nini huniambii?"

"Ulikuwa unafurahi sana na mnara wako."

Kesho yake alimpigia mwongozaji simu akitaka ile sehemu irudiwe, kwa uvumilivu wowote utakaohitajika. Kijana alimwambia haiwezekani: jeneza lilirudishwa kwa seremala na limeshapata mwenyewe. Tena, alisema, kila mahali anapoipeleka sinema, watu wanangoja lile jicho. Wapo waliodhani afande hakufa, wanauliza sehemu ya pili itatoka lini. Baba alikata simu. Kwa wiki kadhaa alitazama taarifa ya habari tu, na hata hiyo bila rimoti. Akipita Nakivubo wauza vitenge walimfumbia jicho moja wote kwa pamoja, naye aliwapita kama hajawaona, lakini niligundua amebadilisha njia ili apite kwao hata akiwa anakwenda kwingine kabisa.

Mwaka huu kijana wa mifuko mingi alirudi langoni.

"Hai au maiti?" baba alimuuliza kabla hajakaribishwa.

"Hai, mzee. Baba wa bibi harusi. Unakaa tu, wageni wanareta zawadi, unakubari."

Safari hii mwongozaji hakungoja kuulizwa. Mama alishaandikwa kama mama wa bibi harusi. Alipoambiwa kwamba kwa desturi atakaa mkekani, alisema magoti yake hayana desturi hiyo, akaletewa kiti. Jirani naye alikuwepo katika wageni, amevaa kitenge kipya chenye ndege wakubwa wa manjano, na akaanza kulia tangu wakati wa kupanga viti. Mwongozaji alimkumbusha kwamba leo hakuna anayekufa.

"Ninalia ya furaha," alisema. "Nayo ni kazi."

Ilikuwa kwenye bustani moja chini ya kilima, asubuhi, jua bado jepesi. Baba alipakwa poda, akaketi katikati ya hema amenyooka, mkono juu ya goti. Wageni wakaingia na vikapu, na nyuma yao mbuzi wa zawadi, mweupe, amefungwa shingoni utepe mwekundu wenye ncha ndefu. Kamera ilikuwa imeshawashwa. Msemaji wa wageni alianza maneno yake marefu, na huku akiyasema, mbuzi aligeuza shingo, akaushika ule utepe kwa meno, akaanza kuutafuna taratibu kutoka mwisho.

Niliona uso wa baba ukibadilika. Niliona mkono wake ukiondoka kwenye goti, ukianza kupanda. Mama, macho yake yakiwa yanawatazama wageni, aliuchukua ule mkono hewani, akaurudisha chini, akaukalisha ndani ya wake kama mke anayempenda mumewe mbele za watu. Msemaji aliendelea kuwasifu wazazi wa binti. Utepe ulikuwa umebaki kipande kifupi sana, na mbuzi alikuwa bado anakula.